Je, Wajua? Steringi Kufa, Chatu wa Tani Moja na Arosto Iliyotoka Vancouver

Je, wajua kwamba tamthilia ya Kiingereza iitwayo Primeval iliwahi kuzaa mtoto huko Kanada? Mtoto huyo ni Primeval: New World. Alianza kurushwa na kituo cha Space tarehe 29 Oktoba 2012, akaenda sehemu 13 tu, akaaga tarehe 21 Januari 2013. Waliokuwa wapenzi wa mama walimpokea mtoto kama mawifi wanavyompokea bi harusi: kabla ya kumkaribisha ndani, wakamkagua kuanzia unyayo hadi utosi.

Kwa ambaye hakuwahi kuiona, habari yenyewe ni hivi. Hewani panafunguka mwanya unaong'aa, mfano wa kioo kilichopasuka vipande vikabaki vikielea. Upande wa pili wa mwanya ni dunia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Mnyama wa huko akivutwa na harufu au mwanga, anapenya, anatokea mjini kwa watu. Profesa Nick Cutter na kikosi chake wanahangaika kumrudisha alikotoka kabla hajala mtu, na kabla serikali haijaulizwa maswali. Ndiyo hivyo. Kwa mtaji huo ITV walianza tarehe 10 Februari 2007, na hadi mama anastaafu mwaka 2011 alikuwa na sehemu 36.

Je, wajua nani aliyekuwa nyuma yake? Adrian Hodges na Tim Haines. Huyu Haines ndiye aliyewaletea BBC Walking with Dinosaurs mwaka 1999, kile kipindi kilichoonyesha dinosaria kana kwamba mpigapicha alikuwa amejificha kichakani. Sasa fikiria: mtu aliyekufundisha jinsi wanyama hao walivyoishi, anarudi baada ya miaka minane kukupa hadithi ya kubuni yenye wanyama walewale. Utamsamehe kosa dogo? Watazamaji wengi hawakumsamehe. Kila mnyama aliyetokea alipimwa kwa rula.

Na hapo ndipo utamu wa safu hii ulipo, kwa sababu malalamiko mengine yalikuwa ya haki, mengine yalikuwa ya bure kabisa.

Je, wajua kwamba mnyama mkubwa wa sehemu ya kwanza kabisa ya Primeval, yule anayewakimbiza watu katika Msitu wa Dean, si dinosaria? Wengi walimwita hivyo, na mpaka leo ukimwonyesha mtu picha atakwambia "dinosaria yule". Ni gorgonopsi, mnyama mwenye meno mawili ya mbele marefu kama visu, na ukoo wake ulimalizika miaka milioni 252 iliyopita, kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na sisi mamalia kuliko mijusi. Yaani ukimtazama anavyotweta kwenye skrini, unamtazama binamu wa mbali sana wa ng'ombe, popo na wewe mwenyewe.

Halafu kuna hili ambalo Mtanzania akilisikia hukaa sawa kwenye kiti: gorgonopsi ni wa kwetu pia. Bonde la Mto Ruhuhu, huko kusini mto huo unakoteremka kuingia Ziwa Nyasa, limetoa visukuku vyao tangu miaka ya 1930. Mmoja wao amepewa jina la Ruhuhucerberus. Nusu ya jina ni mto wetu, nusu ni mbwa wa hadithi za Wagiriki anayelinda lango la kuzimu. Waingereza walilipia kompyuta zitengeneze mnyama wa kutisha. Wa Ruhuhu amelala kwenye miamba bila kudai chochote.

Hata tamthilia ya mtoto ilimleta mmoja wa ukoo huo. Anaitwa Lycaenops, yaani "uso wa mbwamwitu", na alipewa jina na Robert Broom mwaka 1925 kutokana na mifupa ya Afrika Kusini.

Je, wajua kwamba yule mjusi wa kijani anayepaa, Rex, kipenzi cha Abby wa kikosi cha Cutter na cha watoto wote waliotazama, alitoka kwa majirani zetu wa Bukini? Jina lake la kitaalamu ni Coelurosauravus, na Mfaransa Jean Piveteau ndiye aliyemwandika mwaka 1926 kutokana na kisukuku cha Madagaska. Wa kweli alikuwa na urefu wa kama sentimita 40 hivi, mkia ukiwemo. Wa kwenye runinga amelishwa vizuri zaidi.

Jongoo je? Katika sehemu ya pili ya msimu wa kwanza, jongoo mkubwa kuliko mtu anamng'ata Stephen, naye wa kikosi cha Cutter, ndani ya mashimo ya treni za chini ya ardhi za London, naye anakaribia kufa kwa sumu. Arthropleura kweli alikuwepo, na kweli alikuwa Uingereza. Mwaka 2018 jiwe lilianguka kutoka kwenye jabali la pwani huko Northumberland, likapasuka, ndani yake pakaonekana kisukuku chake. Wataalamu wa Cambridge wakakadiria urefu wa mita 2.6 na uzito wa kilo 50. Lakini kung'ata watu kwa sumu? Hapana. Huyo alikuwa mlaji wa majani na mabaki ya mimea. Walimsingizia.

Anurognathus naye alisingiziwa. Kwenye msimu huo huo wanaonekana wakiruka kundi zima na kumla binadamu hadi mifupa. Ukweli ni kwamba bawa hadi bawa hakuzidi nusu mita, na chakula chake kilikuwa wadudu.

Turudi Kanada.

Je, wajua kwamba Vancouver ni mji uliozoea kuigiza kuwa miji mingine? The X-Files ilipigwa picha huko kwa misimu mitano ya mwanzo, Stargate SG-1 ilipigwa huko, na mara nyingi mtazamaji anaambiwa yuko Marekani, au kwenye sayari nyingine kabisa ambayo kwa bahati ina misonobari ileile. Katika New World, Vancouver ni Vancouver. Mitaa inatajwa kwa majina yake.

Steringi wa huko ni Evan Cross, aliyeigizwa na Niall Matter. Ni mvumbuzi mwenye kampuni yake ya teknolojia, na ana jeraha moyoni: miaka sita kabla ya hadithi kuanza, mkewe aliuawa mbele ya macho yake na Albertosaurus. Dylan Weir, mtaalamu wa wanyamapori, ni Sara Canning, ambaye mashabiki wa The Vampire Diaries walikuwa wakimfahamu kama shangazi Jenna. Luteni Ken Leeds, mtu wa serikali asiyejua serikali yake inataka nini, aliigizwa na Geoff Gustafson, na kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na uhusika mtamu kuliko wote.

Uchaguzi wa Albertosaurus ulikuwa wa kiungwana. Jina limetokana na Alberta, jimbo linalopakana na British Columbia ilipo Vancouver, na Henry Fairfield Osborn alilitoa mwaka 1905, mwaka uleule Alberta ilipotangazwa kuwa jimbo. Kwa hiyo tamthilia ya Kanada ilimpa steringi wake adui wa nyumbani. Hili hakuna aliyelilalamikia.

Lililolalamikiwa ni manyoya.

Je, wajua kwamba Utahraptor, wale wanaotisha katika sehemu ya kwanza ya New World, walielezwa kitaalamu mwaka 1993, mwaka uleule filamu ya Jurassic Park ilipotoka? Filamu ile ilimpa Velociraptor mwili wa mtu mzima, wakati wa kweli alikuwa na ukubwa wa bata mzinga. Kabla watu hawajamaliza kucheka, miamba ya Utah ikatoa raptor wa urefu wa mita kama 6. Mkubwa akapatikana, ila jina likawa lingine.

Sasa, mwaka 2007, miezi kadhaa baada ya Primeval kuanza kurushwa, wanasayansi walichapisha habari ya mfupa wa mkono wa Velociraptor kutoka Mongolia wenye vinundu mahali manyoya yalipokuwa yameshikilia. Hilo halikuacha shaka kubwa: ukoo huu ulikuwa na manyoya. Miaka mitano baadaye New World inaleta Utahraptor mwenye ngozi tupu kama kenge. Watazamaji waliokuwa wakifuatilia sayansi wakawaka. Na walikuwa na haki. Utetezi pekee ni kwamba Utahraptor mwenyewe hajawahi kupatikana na alama ya manyoya. Yanadhaniwa kutokana na jamaa zake. Utetezi mwembamba huo, nami siupigii debe.

Lakini nikuulize: je, wangemvika manyoya, mtazamaji wa kawaida angeogopa? Niliitazama sehemu hiyo sebuleni kwa dada yangu, kutoka kwenye flashi, wapwa zangu wawili wamekaa chini karibu na skrini hadi mama yao akawafokea warudi nyuma. Alipotokea Pteranodon, mkubwa akapiga kelele: "Anko, dinosaria anaruka!" Nikamwambia huyo si dinosaria. Akanitazama kama ninavyomtazama fundi anayeniambia redio haijaharibika. Mdogo, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza: "Kama si dinosaria, ataiva?" Nikashindwa. Ndugu yake akacheka mpaka tukakosa maneno yote ya Evan Cross, na hatukurudisha nyuma.

Basi kwa faida yao: Pteranodon ni wa ukoo wa pterosaria, watambaazi warukao, ndugu wa karibu wa dinosaria lakini nyumba nyingine. Jina lake, alilopewa na Othniel Marsh mwaka 1876, lina maana ya "bawa lisilo na jino", kwa sababu mdomo wake hauna jino hata moja. Dume kubwa lilizidi mita 6 bawa hadi bawa. Miguu yake haikuumbwa kukamata kitu na kuruka nacho kama afanyavyo tai, kwa hiyo ukiona kwenye filamu yoyote mtu ananyakuliwa kwa kucha za pterosaria, kula bisi zako kwa amani. Kuhusu kuiva, sijui mtu aliyejaribu.

Na hawa wawili, Utahraptor na Pteranodon, hawakuwahi kukutana. Kati yao kuna mamilioni kwa mamilioni ya miaka. Ila hapo tamthilia haina kosa: mianya ya wakati haina ratiba.

Je, wajua kuhusu Titanoboa? Naye aliletwa Vancouver. Nyoka huyu aligunduliwa katika mgodi wa makaa ya mawe wa Cerrejón, Kolombia, akatangazwa mwaka 2009: urefu wa mita 13 hivi, uzito unaozidi tani moja. Chukua chatu mkubwa uliyewahi kumsikia, mwongeze mwingine kwa mbele, ndipo utamkaribia. Pingili za uti wake zilipookotwa mwanzoni zilidhaniwa ni za mamba, kwa sababu hakuna aliyekuwa na wazo la nyoka mwenye pingili nene namna ile. Ila wataalamu waliukokotoa mwili huo wakasema ulihitaji joto la wastani wa mwaka la nyuzi 30 na kuendelea. Nyoka hana moto wake mwenyewe. Anaazima wa jua. Umlete Vancouver wakati wa mvua na baridi, hatakimbiza mtu. Atajikunja asubiri msaada. Hili, kwangu, ni kosa kubwa kuliko la manyoya, na wachache ndio waliolisema.

Titanis, ndege muuaji asiyeruka, alitendewa haki zaidi. Alikuwa wa Amerika Kaskazini kweli. Mifupa yake ilitolewa na wapigambizi mtoni huko Florida na jina likatolewa mwaka 1963. Wazee wake walipanda kutoka Amerika Kusini. Mfikirie mbuni aliyebadilishiwa kichwa akapewa cha tai, tena tai wa shoka.

Haya ya wanyama yangekwisha kwa kicheko. Kilichowauma watazamaji kweli kilikuwa kingine.

Je, wajua kwamba Primeval iliua steringi? Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua sheria: steringi hafi. Anapigwa, anafungwa kamba, anatupwa mtoni, lakini dakika ya mwisho yupo. Nick Cutter, aliyeigizwa na Douglas Henshall, alipigwa risasi na mkewe mwenyewe, Helen, katika sehemu ya tatu ya msimu wa tatu, mwaka 2009. Msimu ulikuwa na sehemu 10. Sehemu saba zilizobaki watu walizitazama kama waliokuja matangani. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika Stephen, aliyejifungia na wanyama wakali ili wenzake wapone.

Kabla ya hapo lilikuwepo pigo la Claudia Brown. Mwisho wa msimu wa kwanza Cutter anarudi kutoka kale, anauliza Claudia yuko wapi, na hakuna anayemjua. Kitu kimebadilika huko nyuma, binti amefutika kana kwamba hakuzaliwa. Msimu wa pili mwigizaji yuleyule, Lucy Brown, akarudi kama mtu mwingine, Jenny Lewis. Nampa mwandishi heko kwa ujasiri huo. Watazamaji waliompenda Claudia hawakumpa.

Mambo mawili matatu ya kupumzikia. Ben Miller, aliyeigiza bosi mwenye kejeli James Lester, mtu asiyetaka kusikia sayansi asubuhi, aliwahi kusomea shahada ya uzamivu ya fizikia Cambridge akaiacha akafuata uchekeshaji. Hannah Spearritt, yaani Abby, alitoka kwenye kundi la muziki la S Club 7. Na Nigel Marven, mtangazaji halisi wa vipindi vya wanyama, alikuja kuigiza kama yeye mwenyewe katika msimu wa tatu, akaliwa na Giganotosaurus uwanja wa ndege. Watu walishangilia. Kwa upendo, bila shaka.

Lester ndiye anayenirudisha kwenye kosa la New World. Tamthilia ya mama ilikuwa inakutisha huku ikikuchekesha: Connor wa kikosini anateleza, Lester anatoa neno moja kavu, mnyama anavunja mlango. Ya Vancouver ilianza na sura zilizokunjwa. Damu zaidi, giza zaidi, msiba wa Evan kila baada ya dakika kumi. Ndipo waliozoea ya mama wakasema mtoto hana mcheshi. Walikuwa sahihi kuhusu sehemu tatu nne za mwanzo. Baadaye kikosi kilizoeana, Leeds akapata nafasi, utani ukaanza kuchipua wenyewe bila kulazimishwa. Tatizo ni kwamba waliokuwa wameshazima runinga hawakuwepo kuuona.

Je, wajua kwamba Connor mwenyewe, Andrew-Lee Potts, alivushwa bahari kuja kumkabidhi mtoto kijiti? Alitokea katika sehemu ya kwanza ya New World, akarudi tena mwishoni. Kwa wapenzi wa zamani ilikuwa kama kumwona jirani wa kijijini kwenu amesimama stendi ya mji usioujua. Walitegemea ana majibu, kwa sababu msimu wa tano wa mama ulikuwa umewaacha na arosto mbaya: Matt Anderson, kiongozi wa kikosi wakati huo, anakutana uso kwa uso na Matt mwingine, anaambiwa lazima arudi, na picha inakatika. Connor hakuja na jibu hilo. Mpaka leo halijatolewa.

Na mtoto naye akafanya yaleyale. Sehemu zake mbili za mwisho zinaitwa The Sound of Thunder, jina linalokumbusha hadithi fupi ya Ray Bradbury ya mwaka 1952, ambamo mwindaji anakwenda zama za dinosaria, anakanyaga kipepeo, anarudi kukuta dunia yake imegeuka. Ukishaona jina hilo unajua kitakachogusa wakati kitagusa pabaya. Kiligusa, na hadithi ikasimama hapohapo.

Waliokuwa na imani walikuwa na sababu. ITV iliwahi kuifuta Primeval mwezi Juni 2009, na kufikia Septemba mwaka huohuo ulipatikana mkataba mpya ukihusisha kituo cha Watch, BBC America na wenzao wa Ujerumani, zikazaliwa sehemu nyingine 13. Maiti ilifufuka mara moja, kwa nini isifufuke tena? Safari hii haikufufuka.

Je, wajua kilichokuwa kikiendelea duniani wakati Vancouver inakimbizwa na raptor? Desemba 2012, katikati ya sehemu hizo 13, Sterling Nesbitt na wenzake walitangaza Nyasasaurus: mfupa wa mkono na pingili kadhaa kutoka bonde lilelile la Ruhuhu, za miaka kama milioni 243 iliyopita. Kama kweli ni dinosaria, ndiye wa kale kuliko wote wanaojulikana. Mifupa ilikuwa imekusanywa miaka ya 1930 na Mwingereza Francis Rex Parrington (naam, Rex), ikakaa makabatini. Mmoja wa waandishi wa andiko hilo, Alan Charig, aliyeichunguza ujanani, alikuwa amefariki mwaka 1997. Wenzake wakaliweka jina lake hata hivyo. Mfupa wenyewe uko London, katika jumba la makumbusho ya viumbe.

New World ilifutwa rasmi tarehe 21 Februari 2013, mwezi mmoja kamili baada ya sehemu ya mwisho. Ukitaka kuanza, anza na sehemu 36 za mama. Ukifika kwa mtoto, usimhukumu kabla ya sehemu ya tano, na usipange usingizi baada ya ya 13.